Turbo ya Kopo la Mafuta ya Msaada

Wiki hii peke yake nimetumiwa ujumbe na watu wanne, wote madereva au watoto wa madereva, wote na swali moja. Ile turbo ya kuchomeka inayouzwa mtandaoni, kile kifeni kidogo unachokiweka kwenye bomba la hewa la lori la dizeli, halafu eti lori linapanda mlima kama limeibiwa. Ni kweli au uongo?

Ni uongo. Nimemaliza. Mwenye haraka aende.

Waliobaki nawasimulia habari za mzee Aristides wa Kaniha, Biharamulo. Yeye aliijaribu hiyo kitu kabla wengi wanaoiuza hawajazaliwa, na aliijaribu kipindi ambacho akikosea, usukani unaondoka.

Leo Aristides ni mtu wa migomba na mihogo. Anatembea taratibu, anaongea taratibu, ukimwamkia shikamoo unaweza kufunga kamba za viatu vyote viwili kabla marahaba haijafika. Mwaka tisini na tisa alikuwa dereva wa Isuzu ya mzee Malongo, tajiri mmoja wa pale Biharamulo mjini, na Isuzu nayo ilikuwa na tabia hiyo hiyo. Injini ya zamani ya dizeli, haina turbo, kichwa cha bluu kilichopauka. Nyuma, kwenye mlango wa bodi, Aristides alikuwa amemwambia fundi rangi amwandikie kwa herufi nyekundu: TUTAONANA MBELE. Aliyapenda sana yale maneno. Tatizo ni kwamba hakuna dereva hata mmoja aliyewahi kuyasoma barabarani, kwa sababu hakuna dereva aliyewahi kuwa nyuma yake.

Sasa elewa ile miaka ilivyokuwa. Ngara ilijaa wakimbizi. Kambi ya Lukole ilikuwa na watu kuliko mji wowote wa jirani, na karibu kila walichotia mdomoni kilifika kwa lori. Njiani kuna msitu, na msituni kuna majambazi wenye bunduki. Kwa hiyo lori halipiti peke yake. Mnakusanyika asubuhi pale Lusahunga, gari la polisi linakaa mbele, Land Rover ya polisi inakaa nyuma, malori katikati, mnaondoka pamoja. Hiyo ndiyo eskoti. Dereva asiye kwenye eskoti hana kazi, aende akalime.

Mkuu wa eskoti alikuwa Sajenti Idefonsi, mtu mfupi mwenye daftari la shule kwapani. Sheria yake ilikuwa moja. Ukichelewesha msafara, unaandikwa. Ukiandikwa mara tatu, hatakuona tena kwenye eskoti yake. Na jamaa alichukia kuandika kuliko alivyochukia majambazi. Kalamu yake ilikuwa inagoma, mwandiko wake ulikuwa kama kuku amepita kwenye matope, na siku Isuzu ya Malongo ilipoyasimamisha malori kumi na saba juu ya mlima yakiisubiri, alimwita Aristides pembeni.

"Jina lako lina herufi ngapi?"

"Tisa, afande."

"Tisa." Idefonsi alitikisa kalamu, akapuliza ncha, akaandika polepole. "Mwenzako mmoja hapa anaitwa Aron. Herufi nne. Yeye hajachelewa hata siku moja. Wewe mwenye tisa ndiye unayetaka kuandikwa."

"Ni mlima, afande."

"Mlima wanaupanda wote."

Mlima wenyewe madereva waliuita Toba, kwa sababu pale kila mtu alikumbuka dhambi zake. Lami ilikuwa imebaki vipande, mashimo yote yamejaa vumbi jekundu, malori yanakwepa mashimo kwa kupita pembeni kwenye udongo. Anayeongoza anaona barabara. Wa katikati anaona taa za mwenzake. Wa mwisho haoni kitu, anapumua barabara.

Habari zilifika kwa Malongo kabla Isuzu yenyewe haijafika. Akamwambia Aristides mbele ya watu: "Ukiandikwa mara ya tatu, funguo mezani. Lori natoa matairi, nafugia kuku."

Aristides alikuwa na miaka thelathini na mbili na hakuna kazi nyingine aliyoijua. Kilimo alishajaribu, mkewe Auleria akamwomba aache kwa sababu alikuwa anang'oa maharage na kuacha magugu. Kwa hiyo usukani ule ndio ulikuwa utu uzima wake wote. Ukiondoka, anabaki mume wa Auleria tu, na Auleria mwenyewe alishamwambia hiyo nafasi haina mshahara.

Hapo ndipo turbo ilipoingia.

Kwenye maegesho ya Lusahunga alikutana na dereva wa masafa marefu, mmoja wa wale wa soksi nyeupe. Alikuwa na kiboksi kizuri, ndani kuna kipande cha bomba kinachong'aa, na ndani ya bomba mapanga manne kama ya feni. "Unachomeka kwenye njia ya hewa," jamaa alisema. "Hewa inaingia inazunguka kama kimbunga. Nguvu inaongezeka, mafuta yanapungua." Hakutaka kukiuza, alitaka kukionyesha tu, watu wa hivyo wapo mpaka leo. Aristides akachana pakiti ya sigara, akakichora kwa ndani, akaenda na mchoro wake mpaka Lukole.

Lukole sokoni kulikuwa na fundi bati, mkimbizi kutoka Burundi, anaitwa Ntirampeba. Kazi yake ilikuwa kukata makopo ya mafuta ya kupikia yale ya msaada, anatengeneza koroboi, faneli, vikombe, mpaka sanduku la shule. Aliitazama ile pakiti, akaigeuza juu chini.

"Hiki ni kichujio cha chai?"

"Ni turbo."

"Inafanya nini?"

"Inazungusha hewa."

"Na yenyewe inazungushwa na nani?"

Aristides alifikiri. "Na hewa."

"Hewa inaizungusha yenyewe, halafu yenyewe inaizungusha hewa."

"Ndiyo hivyo."

Ntirampeba alimtazama kidogo, kisha akachukua mkasi wa bati. "Sawa, dereva. Mapanga mangapi?"

Malipo yalikuwa jogoo mmoja. Kukicha kifaa kikawa tayari, kimekatwa vizuri, na kwenye panga moja bado yanasomeka maandishi kwamba mafuta si ya kuuzwa.

Kulikuwa na kikwazo kimoja, na hapa naomba usikilize, maana hadithi nzima iko hapa. Mzee Malongo alikuwa na ugonjwa wa matajiri wengi wa malori wa enzi zile, aliamini kila dereva anauza vipuri njiani. Kwa hiyo chini ya boneti alifunga waya kila kitu. Betri waya, pampu waya, na lile kopo kubwa la chujio la hewa, ambalo mafundi wanaliita ekilina, waya mara mbili. Juu ya kila fundo alipaka rangi ya bluu. Rangi ikikatika, dereva amekatika. Ndiyo maana kwa miaka miwili hakuna mkono uliogusa chujio la Isuzu ile. Lori la mwisho kwenye msafara, linakula vumbi la wenzake kumi na saba, miaka miwili, na pua yake imefungwa waya na mwenye lori mwenyewe.

Sasa wewe unayesoma umeshaelewa. Aristides hakuelewa. Alichokuwa anaogopa ni rangi.

Akaenda kwa yule fundi rangi wa TUTAONANA MBELE, akamwomba bluu kidogo kwenye kifuniko cha soda. Siku ya soko akakata waya pale Lukole, akafungua bomba, akatoa chujio ili apate nafasi ya kuchomeka turbo. Chujio akalitua juu ya gunia jeupe lililokuwa karibu.

Gunia lilikuwa la Auleria. Yeye alikuwa akipanda na mumewe siku za soko, anauza unga wa muhogo kambini. Na Auleria, hili hata leo ukienda kwake utaliona, hawezi kuona vumbi akakaa.

"Baba Odeta, hii takataka umeiweka juu ya unga wa watu?"

"Mama Odeta, usinichanganye, naangalia upande wa mapanga."

"Mapanga gani? Unga umekuwa mwekundu."

Auleria akalichukua lile chujio kwa vidole viwili kama panya aliyekufa, akaenda nalo kwenye jiwe, akalikung'uta. Pa, pa, pa. Vumbi likatoka, watu wa meza za jirani wakafunika vitumbua vyao. Alilipiga mpaka lilipoacha kumtia hasira, akalirudisha. Aristides akalipokea bila hata kulitazama, akafunga, akakaza waya, akapaka bluu.

Jioni ile, tupu, Isuzu ilikimbia na hakuna aliyeshangaa, lori tupu hukimbia. Lakini siku iliyofuata ikiwa na shehena ya mahindi ilipanda Toba ikimsukuma Aron aliyekuwa mbele yake mpaka Aron akawa anachungulia kwenye kioo cha pembeni kama mtu anayedaiwa. Juu ya mlima Idefonsi hakufungua daftari. Alisema tu, "Umekula nini?"

"Turbo, afande."

Kwa wiki nzima Aristides hakuwa mtu wa kawaida. Aliegesha boneti ikiwa wazi ili watu waulize. Madereva sita walikwenda kwa Ntirampeba na majogoo yao. Fundi akatengeneza turbo sita na uso ule ule wa mtu anayeshona nguo ya harusi asiyoielewa. Jirani zake wakaanza kumwita Injinia. Yeye akafuga majogoo.

Wale sita sasa. Wengine hawakuona tofauti. Wengine malori yao yalizidi kuwa mazito. Aristides aliwaambia wameifunga ikitazama nyuma.

Mwezi haukuisha, Isuzu ikaanza tena kuugua. Moshi mweusi, pumzi fupi. Aristides akafikiri kitaalamu, akaamua kwamba mapanga yamechoka. Nisikudanganye, hilo ndilo neno alilotumia. Akamwendea Ntirampeba.

"Yamechoka. Nitengenezee manane."

"Bati linachoka?"

"Mlima ule unachosha kila kitu."

Ntirampeba akakata manane. Aristides akakata waya, akatoa chujio, akalitua, na kwa sababu mwanamume huwa hajifunzi mahali pa kuweka vitu, akalitua kwenye unga ule ule. Auleria akalibeba mpaka kwenye jiwe. Pa, pa, pa. Isuzu ikapona. Aristides akawaeleza wenzake kwamba siri ni idadi ya mapanga.

Mara ya tatu Isuzu ilipougua, Auleria hakuwepo. Alikuwa amekwenda Murusagamba kutafuta maharage, na ile barabara ukienda unaaga vizuri, unaweza kukaa wiki. Aristides akaagiza mapanga kumi na mawili. Akatoa chujio, akalitua chini, akalirudisha lilivyo, na vumbi lake lote. Mapanga kumi na mawili ndani ya bomba moja, nafasi ya hewa kupita ilibaki kama tundu la sindano. Siku ile Toba walimsubiri juu mpaka watu wakachoma mahindi, wakala, wakachoma mengine.

"Tisa," Idefonsi alisema, akafungua daftari. Kalamu ikagoma katikati ya jina. Akamalizia kwa penseli. "Hii ni ya pili. Ya tatu sitaiandika, nitachana ukurasa wako wote nikupe ukafungie chumvi."

Na hapo mtu angejiuliza. Aristides hakujiuliza, alikwenda kuagiza turbo mbili, moja mbele ya nyingine.

Safari iliyofuata Auleria alikuwa amerudi na magunia yake ya maharage, na yote yalikuwa juu ya Isuzu hiyo hiyo. Alikaa mbele, mguu juu ya kapu. Walipofika nusu ya Toba lori likakohoa mara tatu, likatoa moshi uliofunika Land Rover ya nyuma, likazima. Askari wakashuka wakiwa weusi. Msafara ukapotelea juu.

Aristides aliegemeza paji la uso kwenye usukani.

"Imeisha, Mama Odeta. Atanichania ukurasa. Malongo anaweka kuku."

"Kuku hawana shida. Maharage yangu yatashukaje hapa?"

"Nilipaswa kuweka tatu."

Auleria aliondoa mguu juu ya kapu, akamgeukia.

"Baba Odeta. Mara ya kwanza ulipofunga hiyo bati yako, likapanda?"

"Likapanda."

"Lile dude la vumbi ulilolitia kwenye unga wangu, nani alilikung'uta?"

"Wewe."

"Mara ya pili?"

"Wewe."

"Nilipokuwa Murusagamba?"

Aristides aliinua kichwa. Ananiambia kwamba katika maisha yake amewahi kuona aibu mara mbili, na ile nyingine hataki kuitaja.

Auleria alikwishashuka. Akafungua boneti mwenyewe, akashika waya wa Malongo wenye rangi ya bluu, akaukata kwa koleo la mumewe mbele ya askari wawili. Turbo zote mbili akazirusha majanini. Chujio akalitoa, akaenda nalo kwenye jiwe la kilomita lililo pembeni mwa barabara, akaanza.

Ndipo Sajenti Idefonsi alipotokea akishuka mlima kwa miguu, daftari mkononi, amelowa jasho. Upepo ulikuwa unatoka upande wa Auleria. Lile wingu jekundu lilimpitia lote.

Akafuta macho. "Huyu mama anafanya nini kwenye jiwe la serikali?"

"Anatengeneza gari, afande," askari mmoja alijibu.

"Kwa kulipiga?"

"Shikamoo, afande," Auleria alisema bila kuacha kupiga. "Hili vumbi ni la kwenu wa mbele. Mnalitimua nyie, analila huyu."

Akalirudisha chujio ndani. Aristides akawasha. Injini ilikohoa mara moja, ikashika. Idefonsi, ambaye hakuwa na hamu ya kuupanda ule mlima tena kwa miguu, akajibana kwenye kiti kando ya Auleria na kapu lake, na Isuzu ikapanda Toba na maharage yote, bila turbo moja wala mbili, ikafika juu ikiunguruma kama imetoka kiwandani. Haikutoka kiwandani. Ilipumua tu.

Juu madereva walisimama kutazama ukurasa ukichanwa. Idefonsi akafungua daftari kwenye boneti, akatazama ile kalamu na penseli, akatazama vumbi kwenye mikono yake mwenyewe.

"Nikikuweka nyuma unakula vumbi," alisema. "Ukila vumbi unachelewa. Ukichelewa nakuandika. Herufi tisa." Akafunga daftari. "Mimi nimechoka kuandika. Kesho unakaa mbele, nyuma ya gari langu. Na nyie wote, fungueni hizo ekilina. Mama, wasimamie."

Aron alipofungua ya kwake kilitoka kiota cha panya chenye mahindi ya msaada na kipande cha kitenge. Ya Land Rover ya polisi sitaieleza, askari wale wana wajukuu sasa.

Malongo alipoona waya umekatwa alinyoosha mkono apewe funguo. Aristides akamwambia amri ilitoka kwa Sajenti, akaulize kwake. Malongo akasema kumbe, akasema alikuwa anauliza tu, akaenda zake. Kuku hawakupata nyumba.

Nilimuuliza Aristides yule Ntirampeba alisema nini alipojua ukweli, maana fundi alikaa Lukole mpaka kambi ilipofungwa na walifahamiana vizuri. Aristides akacheka. Eti fundi alimwambia: "Mimi sijawahi kumiliki hata baiskeli. Wewe uliniomba mapanga, nikakupa mapanga." Majogoo hakurudisha.

Kwa hiyo mwenye lori, nielewe. Turbo ya kweli inazungushwa na moshi unaotoka kwenye injini, ina nguvu ya kusukuma hewa ndani. Kifeni kisicho na kitu cha kukizungusha hakiongezi hewa, kinakaa njiani kikiizuia. Ukikifunga na lori likapata nguvu, jiulize ni kitu gani kingine ulikigusa siku hiyo. Halafu kakung'ute chujio lako, na likiisha, nunua jipya. Hakuna atakayekuuliza kuhusu hilo kwenye maegesho, ndiyo maana halipendwi.

Yule anayeziuza mtandaoni nimemwandikia ajibu. Amejibu kwamba yake ina mapanga kumi na sita.

Aristides aliongoza eskoti miaka iliyobaki mpaka ilipokwisha. Siku ya kwanza mbele alikuwa na hofu, kioo hakina vumbi, akaona miti ambayo hakujua ipo. Nyuma yake malori kumi na saba yalipanda Toba kwa mwendo wake, wala si mwendo mkubwa sana, yenye turbo za kweli yakipiga filimbi kwa kukosa subira, na madereva wote kumi na saba hawana kitu kingine cha kusoma kutoka chini mpaka juu.

Walipofika, Aron alishuka, akapangusa uso.

"Tumeonana," alisema. "Sasa sogea basi."